Duka la fundi wa seva karibu na Digo Road, Mombasa: nyota nne, ya tano wameikosa kwa simu

Nianze na bei maana najua ndo kitu cha kwanza kila mtu aangalia. Nimetoa 52,500. Kazi yenyewe 8,500, kompyuta kuukuu ya kufanywa seva, yaani ghala la mafaili la ofisi nzima, 16,000, na diski mbili mpya za terabaiti 4 kila moja 14,000. Si kidogo, lakini someni mpaka mwisho kabla hamjasema nimeibiwa.

Mie nina studio ya picha za harusi, upande wa wanawake tu, sisi sote kina mama na wasichana, hakuna mwanamume anayetia mguu chumba cha kuhariri. Tunapiga kupamba, ukumbi, lelemama, yote. Tangu 2011 picha zote zinakaa kwenye sanduku moja jeusi, yale masanduku ya diski mbili unachomeka kwenye rauta halafu kila kompyuta ya ofisini inaona folda moja. Kampuni siitaji, na wala sina ugomvi na sanduku, miaka yote hiyo limefanya kazi na hewa hii yetu ya chumvi inayokula mpaka komeo za milango. Halina paswadi. Ukibonyeza laingia. Hilo la paswadi liwekeni kando ntalirudia.

Kabla ya Ramadhani nkanunua laptopu mbili mpya, pacha, siku moja, Windows 11 Pro toleo la 24H2. Nafungua ya kwanza naandika jina la sanduku, laptopu yaniambia haiwezi kuunganisha kwa sababu folda hiyo si salama, ati yataka SMB1 (njia ya kompyuta kufunguliana folda, ntaieleza mbele) ambayo ni ya kizamani na yaweza kuniletea mashambulizi. Nkacheka. Sanduku la picha za maharusi limshambulie nani? Na kinachoudhi ile kompyuta ya Windows 7 pale kaunta, ambayo vitufe vyake viwili vimeng'oka, yafungua kama kawaida, na Mac ya mpwa wangu pia yafungua, hizi mpya za pesa nyingi ndo zajifanya hazilijui.

Nkamwita fundi mmoja, jina namstahi. Akakaa dakika kumi, akaingia kwenye ile orodha ya kuwasha na kuzima vitu vya Windows, akatia tiki kwenye SMB 1.0, akapiga komandi mbili tatu kwenye dirisha la maandishi, akazima akawasha, folda hii hapa. Elfu mbili. Nkamshukuru nkamfungia na sambusa za watoto.

Ramadhani kazi hamna, nani aolewa Ramadhani. Mpwa wangu akachukua laptopu moja akaenda nayo kwao Likoni amalizie albamu za nyuma alizokuwa ashanakili kwenye diski ya nje, ile nyengine ikabaki studio natumia mie kila siku. Idd ikapita, mfungo mosi ukaingia na mnajua wenyewe mfungo mosi harusi zafuatana mpaka tunalala na viatu, mpwa karudi na laptopu yake, aifungue folda, wapi. Ujumbe ni ule ule wa mwanzo neno kwa neno. Yangu yafungua. Yake haifungui. Pacha, mama mmoja baba mmoja, fundi mmoja kazitengeneza siku moja!

Nkabadilisha kebo. Nkazima rauta nkahesabu mpaka sitini. Nkaandika jina la sanduku kwa herufi kubwa, kwa herufi ndogo, kwa namba zake. Nkampigia fundi yule akasema hiyo ni vairasi, lazima apige Windows upya, 3,500. Nkamwambia yaani mwezi mzima nliofanya kazi na pacha wake mie vairasi hakuniona, kamuona mpwa wangu Likoni? Akakata simu.

Hapo ndo shoga yangu mmoja wa ushoni akanambia nenda kwa ami fulani, wapanda ngazi juu ya duka la vitambaa, utanusa kahawa chungu kabla hujamuona. Nkaenda na laptopu zote mbili kwenye mfuko wa leso. Ni chumba kimoja tu, mzee wa miwani, binti mmoja wa hijabu anayechomelea kitu dirishani, na ukuta mzima umepangwa vyuma vya kompyuta zilizokufa. Usitarajie kiti cha mgeni, kuna kreti ya soda.

Sasa hapa ndo walinishika moyo. Nlianza kueleza kwa kirefu, ami akainua mkono, akauliza swali moja.

"Mwanangu, hii isiyofungua, ilikaa mbali na hilo sanduku siku ngapi?"

Nkamwambia mwezi mzima ami, lakini ilikuwa yatumika.

Akacheka akamtazama yule binti. Binti akasema, "kumi na tano," kama waliokuwa wakicheza karata.

Akanifungulia ile orodha ya Windows. Kumbe chini ya SMB 1.0 kuna vijitiki vitatu: kimoja cha laptopu kuwa mteja, yaani kwenda kwa wengine, kimoja cha laptopu kuwa seva, yaani kupokea wengine, na cha tatu cha kujiondoa wenyewe. Yule fundi wa kwanza alitia tiki juu, basi vyote vitatu vikawaka. Hicho cha tatu kazi yake ni kuhesabu: SMB1 ikikaa siku 15 haijatumika, na siku ambazo kompyuta imezimwa hazihesabiwi, yajiondoa yenyewe bila kukupigia hodi. Yangu ilikuwa yatumia sanduku kila siku kwa hivo hesabu haikufika. Ya mpwa ilikuwa Likoni yafanya kazi mwezi mzima bila kuliona sanduku, siku zikatimia, ikajifuta. Ndo hiyo vairasi ya 3,500.

Na hicho kijitiki cha seva, ami alikitazama akatikisa kichwa, "huyu mwenzangu amekufungulia na mlango wa uani, na hukumwambia." Maana kwa tiki ile laptopu zangu mwenyewe ziliwashwa zipokee wageni wa SMB1, na mie sikuhitaji hata kidogo.

Nkamuuliza basi hii SMB1 ni kitu gani hasa mpaka yafukuzwa hivi. Akanambia wewe ni Mswahili ntakueleza kwa Kiswahili. Hizi kompyuta zikifungua folda ya mwenzake kwenye netiweki zina lugha yao, SMB, ilianzia IBM mwanzoni mwa miaka ya 1980, na lugha hiyo ina lahaja. Si mfano wake, wenyewe wanaoziandika kwenye vitabu vyao rasmi waziita hivo hivo, lahaja. Ya kwanza ndo SMB1. Halafu Vista ikaja na 2.0 mwaka wa 2006, Windows 7 ikaja na 2.1 mwaka wa 2009, Windows 8 na 3.0 mwaka wa 2012, Windows 10 na 3.1.1 mwaka wa 2015. Kompyuta ikienda kwa seva, kwanza yataja lahaja zote inazozijua, seva yachagua ile mpya kabisa ambayo wote wawili wanaijua, ndo mazungumzo yaanze. "Sanduku lako," akasema, "lajua Kingozi peke yake, kile Kiswahili cha kale. Laptopu yako imesoma Kimvita, Kiamu, Kiunguja, yote, lakini Kingozi imekatazwa nyumbani kwao. Sasa wakae waongee nini?"

Wallahi nlielewa pale pale kuliko miaka yote niliyosomewa kompyuta. Ile ya Windows 7 pale kaunta ni mzee wa zamani, ajua lahaja mpya kiasi na Kingozi pia hajasahau, ndo maana yafungua. Nkamuuliza na Mac? Akasema Mac haikuongea lahaja yoyote ya hizo, sanduku hilo lajua pia AFP, lugha ya Apple wenyewe, kwa hivo "wewe wahangaika kwa Kiswahili pale Biashara Street kumbe mwenzako keshaelewana na mwenye duka kwa Kihindi." Ila akaniambia nisijivunie, maana Apple tangu 2013 walishahamia SMB2 kama chaguo lao la kwanza na Mac za tangu 2020 zenyewe hazigawi tena folda kwa hiyo AFP, yaani nayo iko njiani kuondoka.

Nkamwambia basi ami nitilie tiki tena, ukitoe hicho cha kujiondoa, nkulipe niende, nina harusi tatu.

Akakataa.

Mie nshazoea mafundi wa kusema ndiyo kwa kila kitu, huyu kakataa pesa. Akanikumbusha Mei 2017, ile WannaCry iliyofungia watu mafaili duniani kote na kutaka malipo, hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa. Ilipita kwa tundu la SMB1 lile lile. Kiraka kilikuwa kishatolewa tangu Machi mwaka huo, wasiokiweka ndo walioliwa, na baada ya pale, Oktoba 2017, Windows 10 mpya ikaanza kuja bila SMB1. Nkasema mie nimeweka viraka vyote, laptopu zajipa apdeti zenyewe usiku. Akasema sawa, tundu lile limezibwa, lakini Kingozi chenyewe hakijui kuficha maneno, kila kinachopita chapita wazi, na kwa kawaida hakikagui kama kuna mtu kati amekigeuza.

Hapo bado sikuwa nimeshtuka kusema kweli. Nlishtuka binti aliponiuliza, tena kwa adabu, bila kuinua macho kwenye kazi yake.

"Dada, Waifai ya studio, wateja wakikaa kusubiri mwawapa?"

Nkasema ndiyo, imebandikwa ukutani.

"Na sanduku halina paswadi."

Nkanyamaza.

Watu wa bara huenda wasielewe uzito wake kwa hivo naeleza. Picha zetu ni za wanawake ndani ya ukumbi wa wanawake, bila buibui, bila mtandio, nywele zimetengenezwa, hina mpaka kwenye viwiko, wanacheza. Mama harusi ananipa kazi kwa sababu moja tu, ajua picha hazitoki. Nawanyang'anya simu mlangoni wageni waalikwa! Na kumbe miaka kumi na kitu mume, kaka, shemeji yeyote aliyeketi kwenye kochi langu akisubiri albamu, akipewa Waifai iliyobandikwa ukutani, angeweza kubonyeza netiweki akaona folda ya studio na kufungua. Hakuhitaji ujuzi. Sijui kama kuna aliyefungua. Hilo silijui na sitalijua, na siku ile sikula chakula cha mchana.

Ndo nkaelewa ile laptopu mpya iliponikatalia haikuwa yajifanya. Ami akanionyesha kuwa hata ukiipita SMB1 kuna kikwazo cha pili. Hii Windows 11 Pro ya 24H2 imeacha kukubali kuingia kama mgeni bila paswadi, na yataka kila kipande cha mazungumzo kitiwe sahihi, ili mtu wa kati asikibadilishe. Sasa ile sahihi wino wake watoka kwenye paswadi. Mgeni hana paswadi kwa hivo hana wino, hana wino hakuna sahihi, hakuna sahihi mlango haufunguki. Zile komandi mbili tatu za fundi wa kwanza ndo zilikuwa za kuzima hayo yote. Nlimlipa mtu elfu mbili na sambusa aning'olee kufuli.

Basi turudi kwa huduma maana ndo nimekuja kuandika.

Kitu kilichonifurahisha, hakukimbilia kuniuzia. Kwanza alilitaka sanduku lenyewe, akaingia kwenye setingi zake, akasema yako masanduku ya zama hizo yana SMB2 ndani lakini imezimwa tu, au kampuni ilitoa apdeti baadaye ikaongeza, na lingekuwa hivo angeniwashia kwa elfu moja nkaenda zangu na ushauri wa kuweka paswadi. Langu halina, na kampuni yenyewe ilishaacha kulitolea apdeti zamani. Ndo akapendekeza seva mpya, na akanipa bei mbili, ya sanduku jipya la dukani na ya kompyuta ndogo kuukuu ya ofisi iliyowekwa Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, na Samba. Nkachagua ya pili kwa sababu ya mfuko.

Samba hiyo nlidhani ni ile ngoma ya Brazil. Kumbe ni programu ya bure iliyoanzishwa na Andrew Tridgell wa Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990 ili mitambo isiyo ya Windows nayo iseme lugha ya SMB, na jina alilipata kwa kutafuta kwenye kamusi neno lenye herufi S, M na B kwa mpangilio. Angekuwa wa hapa angeandika sambaa tu, picha zisambae, lakini mie ndo kitu nisichotaka. Binti akaniambia Samba yenyewe tangu toleo la 4.11 la 2019 SMB1 huja imezimwa, kwa hivo hata wenyewe wa bure wameshaifunga.

La kunakili. Nlikuwa nshajiandaa kugombana, maana nani atakaa na picha za watu? Kabla sijafungua mdomo ami akasema, "studio yenu mie siingii, kazi yote ya ndani ataifanya binti, na chumba wakifunga ufunguo unao wewe." Hiyo peke yake yafaa nyota. Binti akaja Jumamosi, akaleta kikompyuta chake cha Windows 7 kisichogusa intaneti, akakichomeka na sanduku kuukuu na seva mpya kwenye swichi ndogo ya kebo za netiweki pembeni, hakuna kebo ya kwenda nje, hakuna Waifai. Mafaili terabaiti 1.4. Sanduku lilikuwa latoa kama megabaiti 22 kwa sekunde, tukaanza saa kumi jioni ikaisha Jumapili saa nne asubuhi, saa kumi na nane! Stima ilipotea usiku mara moja, UPS, ile betri ya akiba, ikashika. Hakufungua picha hata moja, alikuwa ahesabu mafaili na ukubwa tu pande zote mbili mpaka namba zikalingana, nlikaa naye, nlimuona.

Na kuna ufundi mmoja mdogo ambao fundi mvivu hangefanya. Seva mpya aliipa jina lile lile la sanduku kuukuu na namba ile ile. Kwa nini? Kwa sababu albamu zetu zote kwenye programu ya kupangia kurasa zimehifadhi njia ya kila picha, jina likibadilika albamu mia na kitu zingefunguka na mabati matupu ya kijivu. Hakuna iliyopotea. Ila laptopu yangu ilileta ubishi kidogo, Windows ilikuwa imehifadhi kuingia kwa zamani, ikawa yaendelea kwenda kama mgeni na seva yaikataa, akaingia mahali Windows inapoweka paswadi akafuta ile ya zamani, nkaandika mpya, ikaisha.

Kila mtu sasa ana jina lake na paswadi yake. Wasichana walinuna wiki ya kwanza, mmoja aliandika yake kwenye karatasi akaibandika kwenye skrini, nkaibandua. Mhariri aona folda zote, wa kaunta aona za risiti na mikataba peke yake. Waifai ya wateja imetengwa, haifiki kwenye seva kabisa, hilo binti alilifanya kwenye rauta bila kuongeza bei.

Mtihani ulikuwa mashine ya fotokopi. Ni kuukuu, skana yake hutuma mikataba kwenye folda, na kwa folda yajua Kingozi tu. Mwengine angeteremsha seva nzima irudi SMB1 kwa ajili ya mashine moja, na binti akasema watu wengi hufanya hivo hivo. Yeye kaibadilisha itume kwa FTP, njia nyengine ya kutuma mafaili, kwenye kifolda kimoja, kwa jina lake peke yake ambalo halioni kitu chengine. Akanambia FTP nayo si malaika, haifichi maneno, lakini kinachopita ni mikataba ya malipo, chapita kwa kebo ndani ya ofisi, na siku mkinunua mashine mpya muifunge. Napenda mtu anayekwambia kazi yake ilipopungukia.

Kasi sasa. Kwa kebo napata zaidi ya megabaiti 100 kwa sekunde, folda ya harusi moja iliyokuwa yanipa muda wa kupika chai sasa hata maji hayajapata moto. Sehemu ni diski mpya na sehemu ni lahaja yenyewe, SMB1 ina amri zaidi ya mia, na ni ya maneno mengi, kila kijisehemu huulizwa hujibiwa, SMB2 wakazipunguza zikawa 19 na yabeba mzigo mkubwa kwa safari moja.

Sasa nyota ya tano. Jumatatu asubuhi, binti keshaondoka, msichana wa kaunta afungua ile sehemu ya Netiweki, seva haipo. Yangu pia haipo. Moyo ukaniruka nkadhani picha zimekwenda. Nkapiga simu, haishikwi. Nkapiga tena. Mara saba nlipiga baina ya saa mbili na saa sita, bibi harusi ataka kuchagua picha za albamu amekaa kwenye kochi anitazama. Saa sita na robo ndo binti akapokea, akaomba radhi, akaniambia andika jina la seva mwenyewe pale juu, nkaandika, ikafungua. Kumbe ilikuwepo muda wote ila haijioneshi tu. Ile orodha ya zamani ya kuonyesha kompyuta za jirani ilikuwa yategemea SMB1, ikizimwa nayo yafa, Windows za sasa hutafutana kwa njia nyengine, na Samba peke yake haiijui njia hiyo, yataka kijiprogramu cha kuisaidia ambacho yeye alisahau kukiweka. Alikuja jioni akakiweka, hakunitoza. Lakini asubuhi nzima nlikaa roho mkononi kwa kitu cha kuambiwa kwa sentensi moja. Na duka linalofanya kazi za watu za biashara haliwezi kuwa na simu moja inayowekwa kwenye droo wakati wa kuchomelea. Nlimwambia ami uso kwa uso, akasema kweli, wataongeza laini. Mpaka leo sijaiona hiyo laini.

La pili dogo, risiti ni ya mkono na mwandiko wa ami ni kama wa daktari, kama wahitaji risiti ya mahesabu mwambie mapema akupigie muhuri.

Kile kikompyuta changu cha Windows 7 cha kaunta bado kipo, na seva mpya kinaelewana nayo kwa 2.1, lakini ami kanambia nikitoe kwenye intaneti maana Windows 7 iliachwa kupewa viraka Januari 2020. Nimekitoa. Chatoa risiti tu sasa.

Kwa anayetaka kwenda: Ijumaa wafunga saa sita wanarudi saa nane na nusu, Jumapili hawapo isipokuwa kazi iwe imeanza Jumamosi kama yangu. Ngazi ni nyembamba na giza, ukibeba kompyuta kubwa nenda na mtu wa kukushikia. Waambie toleo la Windows lako na mwaka ulionunua sanduku, ndo vitu viwili atakavyouliza. Kama ni studio ya wanawake kama yangu mtaje binti, hasiti kuja.

Zile diski mbili za sanduku kuukuu nlitaka kuziuza, kuna kijana Mwembe Tayari alinipa bei. Ami akanikataza kabisa, akasema picha ukifuta kwa kubonyeza tu zarudishwa na mtu mwenye subira. Nkaziweka kabatini zimefungwa kwenye kanga. Jumatano iliyopita binti akaja na drili, tukazitoboa pale uani mie na yeye na mpwa wangu, matundu manne kila moja, vumbi la chuma likatuingia mpaka kwenye chai.